SAFARI YA ARUSI NG'AMBO YA MPAKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika baraza la chama, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote; na sala na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, nawashukuru viongozi wa chama kwa heshima waliyonipa ya kusimama mbele yenu siku hii. Waliniambia nichague jambo lolote lenye manufaa kwa jamii yetu. Nimechagua jambo ambalo kwa kulitazama laonekana dogo, nalo ni safari ya kwenda arusini katika nchi jirani.

Labda mtu atasema: safari ya arusi nayo yahitaji hotuba? Si watu hupanda gari, wakala pilau, wakacheza ngoma, wakarudi? Lakini tazameni, ndugu zangu. Kila mwaka, Idi ikiisha, kadi za mwaliko huanza kuingia majumbani mwetu. Shangazi yuko Ujiji anamwoza bintiye. Mjomba yuko Kigoma anamwolea mwanawe. Ami yuko Rumonge, mwanawe amechumbia Kasulu. Hakuna nyumba katika mtaa huu isiyofikiwa na kadi hizo, na hakuna safari iunganishayo watu wetu kama hii. Na jambo liwaunganishalo watu wengi, likifanywa vizuri kheri yake huenea, na likifanywa vibaya madhara yake nayo huenea.

Yafaa kwanza tukumbuke tulivyofika kuwa jamaa wa nchi mbili. Zamani za Wadachi hapakuwa na mpaka wa dola kati ya Usumbura na Ujiji. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya bendera moja. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yalishika nchi hii yote, na Kigoma na Ujiji pamoja. Ilipofika mwaka 1921, Kigoma na Ujiji zikatiwa mikononi mwa Waingereza, na Urundi ikabaki kwa Wabelgiji. Basi mstari ukapita kati ya ndugu na ndugu, wala hakuna mzee wa Ujiji wala wa Buyenzi aliyeulizwa shauri. Tanganyika ikapata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na Burundi tarehe 1 Julai 1962, na mstari ule ule ukawa mpaka wa mataifa mawili huru.

Lakini ziwa halikukatika. Wazee wetu waliendelea kusafiri kwa mashua za tanga, na kwa meli, wakichukua chumvi, samaki wakavu, mawese na nguo. Na katika biashara hiyo wakaoana. Hiyo ndiyo sababu mtoto wa Buyenzi akisikia Kiswahili cha Ujiji hujiona yuko kwao, na mtoto wa Ujiji akiingia katika misikiti yetu hapati ugeni wowote.

Tena kuna jambo ambalo hatuna haki ya kulisahau. Mwaka 1972, na tena 1993, na tena 2015, maelfu ya watu walivuka mpaka huu kwa kukimbia, wamebeba watoto na vyungu, hawajui watalala wapi. Wengi walipokewa na watu wa Kigoma, na hapana shaka katika hao waliopokewa kuna jamaa zetu. Basi leo mtu anapovuka njia ile ile kwa furaha, amevaa kanzu safi, ana zawadi mkononi, na aelewe kwamba amepewa neema kubwa. Na shukrani ya neema ni kuitumia kwa adabu.

Dini yetu imelitukuza jambo la kuunga udugu, na imetufundisha kwamba mwaliko wa walima ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Kwa hiyo mwenye uwezo na aende. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu asiyeonekana arusini wala matangani mwisho hubaki jina tu.

Sasa nitasema juu ya safari yenyewe.

Kwanza ni hati. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mapatano ya Soko la Pamoja yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mapatano hayo mwananchi wa nchi moja huingia katika nchi nyingine bila ya kulipia viza, akapewa ruhusa ya kukaa mpaka miezi sita. Hii ni rahisi kubwa ambayo baba zetu hawakuipata. Lakini ruhusa bila ya kulipa si ruhusa ya kupita bila ya hati. Msafiri yampasa awe na hati yake ya njia iliyo hai, akagongwe muhuri kwa kuingia na kwa kutoka. Na awe na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo, tangu mwaka 2016, hutosha kwa maisha ya mtu, basi msiitupe. Mtoto naye awe na hati yake, na akisafiri na shangazi au jirani, wazazi wampe barua ya idhini.

Nasema haya kwa sababu wako wenye tabia ya kusema: kuna njia ya porini, tutapita alfajiri, arusi ni kesho. Ndugu zangu, mtu aendaye kushuhudia mkataba mtukufu wa ndoa hafai kuanza kwa kuvunja sheria ya nchi inayompokea. Na akikamatwa, aibu si yake peke yake. Mwenyeji wake ataacha sufuria jikoni aende kumdhamini. Alikadhalika mizigo. Zawadi ni zawadi, na biashara ni biashara. Mtu akitia majora ya vitenge na madumu ya mawese katika gari ya arusi, akawaambia watu wa forodha kuwa vyote ni vya bibi arusi, amesema uongo, na amewatia wenziwe wote katika uongo huo.

Pili ni saa. Saa ya Tanzania imeitangulia ya Burundi kwa saa moja. Sisi tukiwa na saa nne asubuhi, wao wana saa tano. Jua ni lile lile, maana Ujiji na Bujumbura ziko karibu katika mstari mmoja kutoka kaskazini hata kusini. Lakini saa za ukutani si moja. Adhuhuri yetu huwa karibu na saa sita kamili, na yao huwa karibu na saa saba. Mwenye kuandikiwa katika kadi kwamba nikaha ni saa nne, naye akaenda kwa saa ya Bujumbura, atakuta watu wamekwisha kunywa kahawa. Tena madereva wetu wakumbuke kwamba huku magari hupita upande wa kulia, na ng'ambo hupita upande wa kushoto. Ukivuka mpaka wa Mugina na kuingia Manyovu, punguza mwendo mpaka akili na mikono vikubaliane, wala usiendeshe usiku kwa kukimbilia ngoma.

Tatu ni ibada. Wengi huulizana njiani hata wakagombana, basi nitalisema kwa ufupi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, na Masheikh waliopo watanisahihisha. Kutoka hapa mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 200, kwa hiyo masafa yametimia ya kupunguza sala. Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Yafaa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akaaye chini ya siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, yu msafiri bado; na arusi zetu za tangu Alhamisi hata Jumapili zimo katika hesabu hiyo. Lakini akisali nyuma ya imamu mwenyeji, atimize rakaa nne. Na aondokaye siku ya Ijumaa baada ya alfajiri, asiipoteze sala ya Ijumaa kwa ajili ya safari. Rumonge iko njiani, na ina misikiti; apange mwendo wake aikute huko, au sivyo aondoke Alhamisi.

Tena sunna imetufundisha kwamba wasafiri watatu wakitoka, wamfanye mmoja wao awe mkubwa wao. Gari ya arusi yenye watu thelathini isiyo na mkubwa ni fujo. Mmoja ataka kusimama anunue samaki, mwingine ataka kufika mapema, wa tatu amesahau hati yake nyumbani. Mchagueni mtu mzima mwenye subira, ashike orodha ya watu, atazame hati za wote kabla gari haijaondoka, na neno lake lifuatwe. Na wanawake wetu wasafiri pamoja na mahrimu wao, kwa stara na heshima.

Nne ni ugeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo ulivyo ugeni mwema. Mafunzo ya dini yameweka haki ya mgeni kuwa ni siku tatu, na yamemkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki. Mwenye arusi ana watu wengi wa kuwalisha na kuwalaza. Basi tukifika, tuulize: kuna maji ya kuteka? Kuna mchele wa kuchagua? Kuna mgonjwa nyumbani asiyetaka kelele? Vijana wetu wasikae barazani wakingoja kuletewa chai kama mabwana shauri. Na siku ya nne, tumuage mwenyeji, tumwache apumzike.

Tano, ndugu zangu, ni mfuko. Na hapa nitasema kwa uwazi kidogo. Siku hizi mtu akipata kadi ya arusi ya ng'ambo, kabla ya kufurahi huingiwa na hofu. Kuna nauli. Kuna hati. Kuna kubadili faranga kuwa shilingi. Kuna mchango. Kisha huja habari ya sare: kina mama wa upande wa bwana arusi wote wavae kitenge cha namna moja, na asiyekivaa huonekana si jamaa. Kisha siku ya pili sare nyingine. Mama mjane mwenye kuuza maandazi afanyeje? Asipokwenda, wifi zake watasema amewatupa. Akienda, atakopa, na deni la siku tatu atalilipa miezi sita, na ada ya shule ya watoto itaingia humo.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipojua kwamba sahaba wake Abdurrahman bin Auf ameoa, alimwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Abdurrahman alikuwa katika matajiri wa masahaba! Kama tajiri aliambiwa japo mbuzi mmoja, sisi tumepata wapi sheria ya kwamba arusi isiyo na ng'ombe watatu ni aibu? Na tumefundishwa pia kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima waalikwao matajiri, na maskini wakaachwa nje. Sare inayomzuia maskini asihudhurie ni mlango uliofungwa usoni pake, hata kama kadi ilimfikia.

Wala sisemi watu wasijipambe. Furaha ya arusi ni halali, na ngoma yake ina nafasi yake. Nasema sare iwe hiari. Atakaye na anunue, na asiyenunua akae mbele pamoja na wenziwe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nimefika sasa katika jambo la sita, ambalo ndilo hasa lililonisimamisha hapa. Sisi twaenda arusini kwa siku tatu, kisha twarudi. Lakini yuko mtu mmoja ambaye harudi, naye ni bibi arusi. Yeye ndiye avukaye mpaka kweli kweli.

Tuseme binti wa Ujiji ameposwa na kijana wa Buyenzi. Mahari yametajwa, walii yuko, mashahidi wawili waadilifu wapo, nikaha imefungwa na sheikh, dua imesomwa. Mbele ya Mwenyezi Mungu ndoa ni sahihi. Kila mtu amekula na kufurahi. Jumapili bibi arusi amepakiwa garini pamoja na masanduku yake, akaletwa Bujumbura. Je, ana karatasi gani mkononi?

Hapa Burundi sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 huitambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali. Ndoa ya dini peke yake, kwa macho ya sheria hiyo, ni kama haikuwako. Tena sheria hiyo hairuhusu mume kuwa na mke zaidi ya mmoja, na imeweka umri wa miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke. Tanzania nayo ina sheria yake ya ndoa ya mwaka 1971, ambayo huitambua ndoa ya Kiislamu, lakini hutaka taarifa itolewe siku 21 kabla ya nikaha, na ndoa iandikishwe. Basi jamaa walioanza kuuliza habari za cheti siku ya Ijumaa, ilhali nikaha ni Jumamosi, wamekwisha kuchelewa kwa wiki tatu.

Cheti kisipokuwapo, ni nani anayeumia? Si sheikh, wala si sisi tuliokula pilau. Ruhusa ya kukaa ya yule binti huisha baada ya miezi sita, naye hana la kumwonyesha afisa wa uhamiaji. Akizaa mtoto, huulizwa ndoa yake iko wapi. Kwa sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 mtoto hufuata uraia wa baba, na haki ya mama katika jambo hilo si sawa na ya baba. Kwa hiyo kumthibitisha baba kwa karatasi ni kumthibitisha mtoto. Tanzania nayo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, basi binti atakayeomba uraia wa mumewe ajue kwanza anachokiacha. Na mume akifariki, Mungu atuepushe, mjane huyo mgeni atasimamaje mbele ya wakwe wenye tamaa kudai eda yake, mirathi yake na nyumba anayokaa? Atasema aliolewa; wataulizwa mashahidi; na mashahidi wako ng'ambo ya mpaka, wengine wamekufa.

Ndugu zangu Waislamu, tuna desturi ya kuuliza mambo mengi kabla ya kuoa na kuoza. Twauliza ukoo, twauliza mahari, twauliza idadi ya magari. Nawaomba tuongeze maswali manne. Je, kijana huyu ana mke mwingine aliyemficha? Je, cheti kitaandikwa wapi, na nani atakichukua? Je, binti ana hati yake mwenyewe ya njia, nayo itakaa mkononi mwake au sandukuni mwa mkwewe? Na je, huko aendako kuna mtu mzima wa jamaa zake, mwanamke mwenye busara, atakayemtembelea bila ya kusubiri kuitwa? Wazee wa zamani walikuwa wakimpeleka bibi arusi pamoja na somo wake, ambaye hakumwacha mpaka ameona ametulia. Desturi hiyo ilikuwa na akili nyingi.

Na mahari, ambayo Mwenyezi Mungu ameyafanya kuwa haki ya mke mwenyewe, yakabidhiwe kwake. Yasigeuke nauli ya wajomba wala bei ya kukodi viti. Binti aliye mbali na kwao, akiwa na mahari yake mkononi, ana kitu cha kushika siku ya dhiki.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa mashauri matatu mbele ya chama. La kwanza, chama kiteue wazee wawili na mama mmoja, ambao mtu yeyote mwenye arusi ya ng'ambo atawaendea miezi miwili kabla, wamweleze hati zinazotakiwa huku na huko, na wamwongoze mpaka ofisi ya komini. La pili, chama kiweke daftari la mabinti walioolewa kwetu kutoka nchi jirani, na la mabinti wetu walioolewa huko, ili kina mama wa chama wapate kuwatembelea na kuwajulia hali. La tatu, sisi wenyewe tuahidi kwamba katika arusi za nyumba zetu hakuna atakayelazimishwa sare, wala hakuna maskini atakayebaki nyumbani kwa sababu ya nauli, ikiwa jamaa zake wana nafasi garini.

Haya si mambo ya kutaka fedha nyingi. Yataka watu wenye kukumbuka tu. Mpaka uliwekwa na wakubwa wa dunia bila ya kutuuliza. Lakini jinsi ya kuishi kama jamaa juu ya mpaka huo, hilo limo mikononi mwetu.

Namwomba Mwenyezi Mungu awabariki wote waliooana mwaka huu, huku na ng'ambo, awape mapenzi na huruma, na awaruzuku kizazi chema. Awarehemu wazee wetu walioanza udugu huu kwa mashua na makasia. Awalinde wasafiri wetu katika barabara na katika ziwa, awarudishe kwa salama. Na kila binti aliye mbali na mamake, Mola amjaalie katika nyumba ya mumewe mama wa pili. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam Alaykum warahmatullahi wabarakatuh.